Kipimo cha Kifua

Ndala zilianza kupotea msikitini
kabla sijajua mjukuu wangu ameacha kuchora
ameanza kukata.

Hakuchukua zote, anasema, ni zile pweke,
zisizo na mwenzake, zilizokatika kamba,
zilizosahauliwa pale bombani tangu Ramadhani.
Nami nikanyamaza, maana chini ya kitanda chake
palikuwa na gunia zima la nyayo za Bombo.

Bakhita, miaka kumi na sita, kidole cha shahada kimeungua.
Anashika soli juu ya jiko la mkaa
hadi inalegea kama ulimi wa ng'ombe,
anaikandamiza kwenye goti lake, anahesabu hadi ishirini.
Inapoa. Inalikumbuka goti.
Hivyo ndivyo deraya huzaliwa kwetu:
gundi ya mshona viatu,
rangi ya fedha iliyobaki walipopaka geti la Hajati Zamzam,
vizibo vya soda vilivyopondwa kwa nyundo vikawa njumu.
Bega la kushoto ni dumu la mafuta ya kupikia.
Ukilinusa, bado ni chapati.

Nikamwuliza, askari huyu ni wa jeshi gani?
Akasema, jeshi ambalo halijaanzishwa, babu.
Jibu la namna hiyo zamani lilikuwa na kiboko chake.

Alipoleta lubugo kutoka Masaka, kipande kirefu,
rangi ya udongo uliolowa, kiwe joho,
Mama Nakiwala wa jirani alisimama uani, mikono kichwani:
Hiyo tunazikia watu!
Basi acha itembee kwanza, Bakhita akasema.
Mama wa watu akacheka bila kupenda.
Jioni akaleta sindano ya magunia.

Mimi nilikuwa fundi cherehani wa kambi.
Miaka ishirini na tisa, futi shingoni:
Nyosha mkono. Vuta pumzi. Zunguka.
Daftari langu halikuwa na majina, namba tu,
thelathini na nane, arobaini, thelathini na sita.
Mwaka mmoja nilishona gwanda kumi na mbili za thelathini,
yaani za watoto,
na hakuna aliyerudi kuniletea kifungo kilichokatika.
Nilipostaafu niliifunika cherehani shuka la kitanda.
Nguo za Idi, wapelekeeni wengine.

Kwa hiyo nilimtazama tu, nikikosoa kwa macho:
mkanda wa ubavuni umepanda mno,
kwapa litachubuka,
na huyu akitaka kukaa chini atakaaje?
Siku ya tatu uvumilivu uliniishia.
Lete hapa. Deraya isiyopumua ni jeneza.
Punguza nusu inchi. Na fundo lako hili la kufungia mbuzi,
fungua, funga la kufunguka kwa mkono mmoja,
mtu akitaka kuvua, avue.
Nikaisikia sauti yangu ya kambini. Nikaishusha.
Cherehani ililalamika kidogo, ikapata mafuta, ikakubali.

Jana akanijia na futi yangu mwenyewe.
Nyosha mkono, babu. Vuta pumzi. Zunguka.
Nilidhani ananitania.
Akaandika pembeni mwa gazeti: thelathini na saba,
halafu, kwa herufi kubwa, MARJAN.

Sasa nimekaa barazani, kifua cha fedha,
rangi haijakauka, siruhusiwi kuegemea.
Ubavu mmoja haujapakwa, bado ni buluu.
Watu wanatoka swala ya alasiri, wananisalimu, wanasita.
Mzee Fadhilmula anainama karibu na mbavu zangu,
anatazama miguu yake,
ndala ya buluu na ndala nyekundu,
anatazama tena.