Leo Sipokei Mji

Kipindi cha mwisho, Nachingwea, saa tisa alasiri,
bati linawaka, nusu ya darasa imeegemea viganja.
Nikaandika ubaoni:
Mkutano wa chama cha msingi una wakulima ishirini.
Kila mmoja ampe mkono kila mwenzake, mara moja tu.
Salamu ngapi?

Kimya. Kisha kalamu zikakimbilia kurasa za nyuma,
mahali wanapofuga kanuni kama kuku wa kuazima:
hawajui anakula nini, wanajua tu anataga.

Lihumbo akazidisha ishirini kwa ishirini,
akapata mia nne, akapiga mistari miwili chini yake
kama mtu anayefunga mlango na komeo juu.
"Kwa hiyo," nikamuuliza, "kila mkulima amejisalimia mwenyewe?"
Darasa likacheka. Yeye hakucheka. Akafuta.

Wa nyuma wakasema, "Mwalimu, tunakupa mji."
Vitendawili wanavijua tangu utotoni:
ukishindwa, toa mji, upewe jibu, ukalale.
Wiki hii nimeshapewa Masasi mara tatu,
nimepewa Liwale, Ruangwa, Newala na baridi yake,
juzi Chitanda alinipa hata Dar es Salaam.
Mimi mfalme, na wao bado hawajui.
"Leo sipokei mji," nikasema.
"Leo nipeni watu."

Nambunga na Mchopa wakashikana mikono
kwa aibu, kama waliopatanishwa barazani. Moja.
Akaongezeka Akwilombe. Tatu.
Akaongezeka Lihumbo, bado amenuna. Sita.
Akaongezeka Chitanda. Kumi.

Swali likiwa kubwa kuliko wewe,
mtafute mdogo wake, uongee naye kwanza:
maneno hayo nayasema tangu Februari,
yamo madaftarini kwa mwandiko mzuri,
yamekaa humo, hayajamfanyia mtu kazi.
Moja, tatu, sita, kumi. Wakautazama ubao
kama namba ya simu ya mtu wasiyemjua.

Ndipo mlango ukafunguka. Somoe Nangomwa,
amechelewa, katoka zamu ya kuteka maji,
ndoo mkononi, viganja vimelowa.
Nilikuwa na karipio tayari. Nikalimeza.
"Wasalimie waliosimama. Wote."
Akapita mmoja mmoja, akiwalowesha,
na nyuma kabisa sauti ikahesabu bila kutumwa:
kumi na moja, kumi na mbili... kumi na tano.

Lihumbo, yule wa mia nne, akasema polepole,
"Kumbe mgeni anawasalimia aliowakuta.
Wa ishirini atawakuta kumi na tisa."

Mgeni njoo, mwenyeji apone.
Chaki nikaiacha mezani, wakaigombea.
Moja, ongeza mbili, ongeza tatu, hadi kumi na tisa;
Mchopa akawaozesha wa mwanzo kwa wa mwisho,
moja na kumi na tisa, mbili na kumi na nane,
ndoa tisa za ishirini ishirini,
kumi akabaki mseja katikati.
Mia moja na tisini.
Nambunga akaja kwa njia yake, akakuta hiyo hiyo:
ishirini mara kumi na tisa, gawa kwa mbili,
"maana salamu moja ina wenyewe wawili."

Mwakani watakuwa Nanyumbu, Tandahimba, Kilwa,
mbele ya watoto tisini, chaki tatu kwa wiki.

Somoe akasubiri wenzake watoke.
"Mwalimu, nimeelewa tulivyofika.
Sijaelewa ulijuaje kwamba tuanze na wawili.
Swali likija kesho na sura nyingine, nitajuaje?"

Nikashika dasta. Nikafuta mia moja na tisini,
nikafuta kumi na tano, nikafuta moja.
Miaka kumi na sita nafundisha.
Nikampa Nachingwea.

Akautazama mji wangu kupitia dirishani, akaokota ndoo.
"Nitakuja kesho," akasema. "Mapema."