Somo la Alhamisi, Lulindi

Mahudhurio: kumi na wanne.
Sadaka: shilingi elfu sita mia tano, na yai moja.
Somo: vipimo, lile fungu la Torati
linalomkataza mtu kubeba mawe mawili mfukoni,
zito la kununulia, jepesi la kuuzia.
Ndivyo nilivyoandika, mimi katibu,
kwa kalamu ya kuazima.

Alisoma mzee wa kanisa, Sipriani Mnonjela.
Anasoma vizuri, hakuna anayebisha.
Sauti yake hupumua kwenye mkato, huketi kwenye nukta,
na bati lililo juu yetu, mabando saba,
alilitoa yeye.

Katekista akatufungulia.
Jiwe, akasema, ni moyo.
Mawe mawili ni moyo wenye mashaka.
Tukaitika amina. Moyo haupelekwi ghalani.

Klementi, aliyefika kidato cha nne, akasema hapana,
hapo panasemwa serikali,
panasemwa mzani wa chama cha msingi,
kilo zinazoyeyuka kati ya gunia na stakabadhi.
Amina ikawa kubwa zaidi.
Raha iliyoje, Neno likimwelekea mtu wa Mtwara mjini
ambaye Alhamisi hatakuja!

Mama Damari akauliza kama hayo
si ya Waisraeli wa kale, maana sisi tuko chini ya neema.
Katekista akafurahi,
akamweleza Paulo mpaka taa ya sola ikaanza kufifia.

Ndipo Perpetua Namwete akafungua kifurushi chake.
Bakuli. La plastiki, la kijani,
kitako kimepashwa moto kikasukumwa nje,
kikatoka tumbo kama la mtoto mwenye bandama.
Kangomba.
Akaliweka juu ya Biblia,
akashtuka, akalishusha kando.

"Mimi herufi hazikunipata," akasema.
"Nisomeeni hili.
Mwezi wa pili, wajukuu wakishindia ming'oko,
nilikopeshwa unga kwa bakuli la kawaida.
Mwezi wa kumi nimelipa korosho kwa hili,
bakuli kwa bakuli, kama tulivyopatana.
Nina mikorosho minne.
Yote imeingia humu.
Sasa hili ni fungu la ngapi?"

Tukatazama juu, sote,
kama watu waliosikia panya darini.
Bati lilikuwa jipya. Halikuwa na tundu.

Sipriani akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati.
Akasema taratibu, na nadhani alisema kwa moyo:
"Nisingetoa unga, mngekula nini?"

Nami niliula unga ule.
Nina mikorosho sita, nami nilipimiwa,
na mwanangu yuko bwenini kwa fedha yake ya mkopo.
Kalamu ikanilemea.

Katekista akafunga kwa sala ndefu.
Akaombea mvua, na wasafiri, na wagonjwa walioko Ndanda.
Bakuli hakuligusa.

Niliandika: Somo lilieleweka.
Nikakata.
Nikaandika: Somo limeahirishwa.
Hilo nalo nikalikata,
na karatasi ikatoboka.

Jumapili kikapu cha sadaka hakikuonekana.
Mhudumu, kijana mgeni kutoka Chiungutwa,
akalikuta bakuli dirishani, kijani, safi,
akalipitisha.

Likaja safu kwa safu.
Sarafu zilitumbukia kule tumboni
zikalia mara moja, zikanyamaza.
Sipriani alikuwa na noti ya elfu kumi.
Mkono wake ukakawia kwenye ukingo.
Kwaya ikamaliza pambio, ikatazamana,
ikalianza upya tangu mwanzo.

Lilipofika safu ya nyuma
Perpetua akalipokea kwa mikono miwili,
akalipima uzito, akalitikisa kidogo ili vilivyomo vikae,
kama alivyozoea,
kisha akampa jirani.