Futa Marudio

Mashine haina adabu, Shija, wala haina utovu wa adabu.
Ukiiandikia Ipole na nafasi moja tupu mkiani
itakuapia kwamba hicho ni kijiji kingine,
kina watu wake, kina nyuki wake,
hakijapata kusikia habari za Ipole.
Usiibishie. Kata mkia.

Ndivyo tulivyoanza, chumba cha nyuma cha ghala,
Tabora mjini, upande wa reli,
mizani ikishafunikwa gunia.
Ndoo za asali zimetuzunguka,
kibodi inanata kwenye A.
Nyamizi wa zahanati anataka kujua
dawa gani itaisha kabla ya mvua.
Kashindye wa stoo ya tumbaku
aliandika nusu kilo kwa mkato badala ya nukta,
mashine ikamuuliza hiki ni nini,
akanuna siku mbili.
Na Shija, karani wa warina asali,
kidole kimoja, kama kuku anayedonoa mtama.

Mimi sikusomea. Nilijifunza kwa bando la usiku,
lile rahisi linaloanza watu wakilala.
Ninachowapa ni makosa yangu yaliyokwisha kupoa.
Soma kosa lote, nawaambia, usikimbie wekundu.
Mstari wa mwisho ndio unaosema;
ile ya juu ni njia tu
uliyopitia ukija kukushtaki.
Na kabla hujafuta, nakili.
(Hili nililisema. Sijui kama nililisema kwa sauti.)

Orodha ya Shija: majina mia nne na kumi na saba,
kazi ya makarani wanne katika miaka tisa,
huyu akipenda Mihayo, yule Miayo,
mwingine M tu, na nukta.
Watu walikuwa wameongezeka kwa kalamu, si kwa uzazi.
"Jina la kwanza lisituhangaishe," nikasema.
"Tazama baba, kijiji, tarehe ya kuzaliwa.
Vitatu vikilingana, huyo ni mmoja."
Akaandika mistari sita. Kwenye wa saba
nikamwonyesha mabano aliyosahau kufunga.
Akabonyeza.
Mia tatu na tisini na mbili.
Nyamizi akapiga kigelegele kifupi,
cha zahanati, kisichoamsha wagonjwa.

Jumamosi Doto akaweka ndoo mbili mizanini,
asali nyeusi, vipande vya sega vikielea.
Shija akatafuta. Akatafuta tena.
"Humo."
"Simo wapi?"
"Humu."
Doto akamtazama mdogo wake.
"Kulwa yumo?"
"Yumo."

Baba mmoja, kijiji kimoja, usiku mmoja,
na katikati yao dakika ishirini
zisizo na safu ya kuziandikia.
Na aliyefuta ni Shija!
Shija, jina la anayefuata mapacha,
mtu anayeitwa kila asubuhi kwa habari
kwamba mbele yake walitangulia wawili.

Alinijia jioni hajavua hata kofia.
Hakunilaumu; hilo ndilo lililoniuma.
"Mwalimu," akasema, "mashine ilitii."
Ilitii. Mimi ndiye niliyehesabu
kama mtu asiye na wa kufanana naye.

Tukafungua nakala. Ilikuwepo. Alikuwa amesikia.
Tukaandika upya, polepole:
vitatu vikilingana, usifute.
Andika majina yote mawili, simama,
muulize mtu.
Ikawa ndefu, mbaya, mistari kumi na tisa;
mjuzi yeyote angeicheka.
Ilituuliza mara ishirini na tano.
Ishirini na tatu Shija alijibu: mmoja.
Mara mbili: wawili.
Kaka zake,
na wanawake wawili wa kijiji cha mbali
ambao hawakuwa wamekuja kulalamika.
Sijui wangekuja lini.

Doto alitaka kuliona jina lake.
Tukamgeuzia kioo. Alisoma akisogeza midomo,
kisha akaligusa kwa kidole kilichotoka ndooni.
Pale kwenye D
bado pananata.