Picha ya Koroboi

Feni tumeizima. Moto hautaki feni.
Madirisha tumeyaziba kwa maboksi ya tende,
na chumba hiki cha Tunguu, zamani stoo ya madawati,
kinatukamua jasho hadi visiginoni.

Haroub ananong'ona: usipumue.
Nazuia pumzi. Kamera inafumba, inafumbua,
mara mia nne kwa sekunde,
na ulimi ule ambao jicho huuona umetulia
kama maji ya mtungini
kwenye kioo unakatika, unajiunga, unakatika tena.

Koroboi yenyewe ni kopo la maziwa.
Alilichomelea Kombo Shoka, Jang'ombe,
umeme ulipotupa kisogo miezi mitatu
nami darasa la saba, na mtihani haungoji waya.
Kila asubuhi nilipenga kamasi nyeusi.
Mama alinyoosha kidole darini:
"Wewe unasoma, nyumba inaandikwa."

Navisha lenzi chujio jekundu,
kisha la kijani.
Rangi mbili, nukta kwa nukta,
hesabu inatema joto: hapa nyuzi elfu moja mia tano,
pale ubavuni, zaidi.
Chini, ukingoni mwa utambi, pana bluu nyembamba,
safi, haina taka,
na haimmulikii mtu hata alifu.

Umanjano ndio masizi.
Chembe changa, bado hazijajua weusi,
zimekolea moto zikang'aa, zinapanda.
Nyingi huungua zikaisha humo humo.
Zinazoponyoka nchani
ndizo zile za dari, za pua yangu,
za kifua cha Mbwana kilichokoroma masika mazima.

Panapofuka moshi pana moto, tuliambiwa.
Hatukuambiwa kwamba ndani ya moto
ni moshi unaotoa nuru.

Nilikuja na kisasi, nikiri.
Nilitaka namba za kulishitaki kopo hili.
Ninazo sasa, safu kwa safu, na sijui
niziweke upande gani wa daftari.

Saa tisa na robo, umeme ukakatika.
Kompyuta ikafa na picha mia mbili
ambazo sikuwa nimezihifadhi.
Haroub akacheka, kisha akaguna,
akasogeza koroboi karibu na karatasi.
"Andika," akasema, "kabla halijatupaka."

Nikaandika tarehe, saa,
urefu wa utambi: milimita nne.