Herufi Iliyogeuka Swali

Tórshavn, Februari. Ukungu umeshuka
hadi kwenye nyasi za mapaa,
nami niko chini ya maktaba ya chuo
nasoma majina ya faili mia saba
alizotuachia Tummas alipostaafu:
mwisho. mwisho_kweli. mwisho_kweli_tatu.
usifute. usifute_hata_hii.

Tummas alikuwa mtu wa kuweka.
Kuandika alichowekea hakukuwa kazi yake.
Mali bila daftari: haikuibwa, haikuungua,
ilipotea palepale ilipowekwa.

Durita aliingia saa nne, koti likidondosha maji,
tiketi ya feri ya kurudi Suðuroy mkononi.
"Baba aliandika tasnifu hapa, mwaka themanini na tisa.
Aliwahesabu ndege wa majabalini.
Kulikuwa na kanda pia. Sauti yake."
Nikaandika: Heðin Viðstein.
Hakuna.
Nikaandika mwaka. Nikaandika ndege.
Ndege walikuja elfu, wote wa watu wengine.

Nikamweleza, kwa sababu nilikuwa naona haya,
jinsi tunavyotunza: nakala mbili hapa,
ya tatu ng'ambo, ndani ya mwamba;
kila usiku mashine hupita faili kwa faili,
hujumlisha tarakimu zake, hulinganisha na za jana,
na biti moja ikigeuka, hupiga kelele.
Kila alfajiri imeandika neno moja: salama.
Na kweli, salama.
Kosa nalo lilitunzwa vizuri,
nakala tatu, moja ndani ya mwamba.

Durita akakaa, akavua glovu moja.
"Barua za benki," alisema, "zilikuwa zikija
na alama ya kuulizia katikati ya jina lake.
Baba alicheka. Alisema benki haina uhakika naye."

Nikaitoa ð, nikaweka swali mahali pake.
Mfumo ukadhani naulizia herufi yoyote
ukaniletea nusu ya visiwa.
Nikalifunga jina kwa alama za nukuu, kama mtu
anayeshika kuku miguu yote miwili,
akatokea:

Mtunzi: He?in Vi?stein.
Mada: tupu.
Lugha: tupu.
Mahali: tupu.
Haki: mwulize mwenyewe.

Hatukusema kitu hapo kwenye mstari wa haki.
Amezikwa miaka sita.

Tasnifu iliandikwa kwa programu iliyokwisha kufa;
niliifungua ikamwagika kama uji,
vijiboksi, pembe, mkia wa jedwali.
Hiyo itangoja. Itahitaji mashine
inayojifanya mashine ya zamani.
Lakini sauti ilikubali.

Upepo kwanza, dakika nzima ya upepo.
Kisha mwanamume, karibu sana na kipaza sauti:
"Mia mbili na tatu. Mia mbili na nne.
Ngoja. Huyo tumeshamhesabu."
Akakohoa. Akarudi mia mbili na tatu.

Durita hakulia. Aliangalia saa ya ukutani,
akaniambia jina la lile jabali,
jina ambalo ramani haina,
akalirudia silabi kwa silabi niliandike.
Akatia sahihi fomu ya warithi.
Akavaa glovu.

Nimejaza yote. Mada. Lugha. Mahali.
Nimeandika alivyokuwa akiandikwa kwa makosa,
ili atakayemtafuta kwa makosa naye ampate.
Kwenye maelezo: mtu, upepo, ndege;
anajisahihisha mara moja.
Msimamizi atasema hiyo ya mwisho si data.
Aje aniambie.

Zimebaki rekodi elfu nne mia moja na kumi na mbili
zenye swali tumboni.
Inayofuata ni R?n.
Yaweza kuwa Rán. Yaweza kuwa Rún.
Nimeandika barua pepe kijijini kwao,
kwa mtu yeyote anayekumbuka
aliitwaje alipoitwa kula.