Udi wa Kuazima

Askari wa jeti aliniuliza, umebeba nini?
Nikamwambia, udi.
Akacheka: huo ni wa kufukiza nyumba ngapi, binti?
Nikaukumbatia kwa mikono miwili,
kama abebaye mtungi wa jirani,
jirani mkali.

Si wangu. Ni wa Bwanadi Famau, seremala wa Langoni,
aliyeuziba ufa wa tumboni kwa gundi aliyoichemsha mwenyewe,
akaniazima kwa masharti manne, akiyahesabu kwa vidole:
usilale juani,
usilale umandeni,
usilale peke yake,
na la nne likamtoka, akabaki ameinua kidole.

Basi siku tatu za tamasha, nyuma ya vilima vya mchanga Shela,
niliishi na sharti nisilolijua.

Hema letu lilikuwa la watu wawili. Tulikuwa watatu:
mimi, Rukia Shee mpiga dumbaki, na udi.
Rukia mlangoni, mimi ubavuni,
udi katikati, juu ya godoro pekee tulilokuwa nalo,
umevikwa kanga mbili,
na shingoni soksi ya mchele mkavu iliyofungwa fundo,
maana mchele hunywa unyevu; mwulize yeyote mwenye kidau cha chumvi.
Kabla ya kulala nililegeza nyuzi, kidogo kidogo, moja moja,
kama umfunguavyo vifungo mtoto aliyelala na nguo za Idi.

Saa nane za usiku nikaamka, nikapapasa: mkavu.
Saa tisa: mkavu.
Saa kumi Rukia akasema gizani,
"Ukiupapasa tena, nakwenda kulala na punda."

Mchana hema likawa tanuri, na gundi ile haijui tanuri.
Nikaubeba kila niendako: kwenye foleni ya mahamri,
kwa muuza madafu, hata chooni
(niliutaka radhi, nikaupa mgongo).
Kijana mmoja wa magitaa, mgeni wa bara,
akanionea huruma: "Kwa nini usiuache garini?"
Garini!
Nikamwonyesha punda aliyekuwa akitafuna kamba ya hema lake.

Usiku wa tatu, usiku wa zamu yangu jukwaani,
ikaja mvua isiyokuwamo kwenye ratiba.
Jenereta likakohoa mara mbili, likanyamaza.
Vipaza sauti vikafunikwa maturubai kama maiti,
na hema letu, lile tuliloambiwa halipenyi,
likapenya.
Nilikimbia na udi kifuani hadi jikoni kwa Bi Mwanamize.
Hakuuliza kitu. Akakung'uta karai lake la kukandia unga,
akalifudikiza juu ya udi kwenye meza,
akakalia ukingo wa meza mwenyewe, na uzito wake wote,
akasema, "Haya. Na uje upepo."

Alfajiri watu walikuwa wakikamua mablanketi.
Hakuna umeme, hakuna jukwaa, jina langu limeoza ubaoni.
Nikakaza nyuzi. Moja ilikataa, nikaibembeleza.
Nilimpigia Bi Mwanamize, maana ndiye niliyemdaiwa,
naye alikuwa akikaanga, hakugeuka,
ila niliona mwiko ukichelewa kidogo kila nilipochelewa mimi.
Rukia akapiga dumbaki kwa ncha za vidole, ngozi ingali na maji.
Watu saba walisikia. Wanane, na punda.

Bwanadi aliupokea bila salamu.
Akaugonga tumboni, akausikiliza, akaupitisha kidole ufa wake wa zamani.
Kisha akautikisa, na kutoka kwenye tundu
ikaanguka punje moja ya mchele, na vumbi la unga.
Akaiokota. Akanitazama.
"Ulikuwa ukiulisha?"

Akaitia punje kinywani, akaitafuna taratibu.
La nne hakulitaja,
nami sikumkumbusha.