Unene wa Msumeno

Mbao moja kwa sita, futi kumi na mbili,
mia na arubaini, zimeshuka Mkoani Jumanne.
Elfu kumi na tatu na mia tano ubao mmoja,
na gari mpaka Machomane, na wapakuzi,
na chai ya wapakuzi. Nayo nimeiandika,
maana programu hii haina haya, inauliza kila kitu.

Inauliza msumeno wetu unakula kiasi gani.
Baba akacheka: "Hata mlo wa msumeno wahisabiwa?"
Wahisabiwa, baba. Thumni ya inchi kila mkato,
inageuka vumbi, na vumbi nalo tumelinunua.

Kipande cha mfuniko, kasha la mafuta ya makonyo,
ni inchi kumi na nane kasoro thumni.
Ubao mmoja unatoa vinane. Nilibonya, nikauona kiooni
umejipanga, vipande vinane, mikato saba,
na mkiani, kwa rangi ya kijivu, kiubavu chembamba
kisichotosha hata kijiti cha kuchokolea meno.
Nilifurahi peke yangu
kama aliyegawa mirathi ikatoka sawa.

Mwisho wa mwezi kioo kikasema sitini na moja.
Rundo likasema hamsini na mbili.
Nikahisabu kwa chaki, nikahisabu kwa kugusa.
Mbao tisa hazimo makashani, hazimo vumbini.
Nikamtazama Faki, mwanafunzi wa baba,
viganja vyake, baiskeli yake mpya.
Siku mbili salamu zake nilizijibu nusu.

Usiku wa Alhamisi mlango ukagongwa.
Watu watatu kutoka Wara, na tochi ya simu.
Baba hakuuliza nani. Aliuliza,
"Mrefu?"
"Kama Haroub."
Akatoka na fulana yake ya kulalia,
akapima kwa shibiri,
akachagua zisizo jicho, zisizopinda,
akazipiga randa upande mmoja tu,
upande utakaomwelekea maiti.

Kiunza.
Bei hakuna aliyeitaja.
Mmoja akasema, "Mungu akulipe,"
baba akasema, "Amin," akafagia maranda.

Asubuhi nikafungua ukurasa wa mauzo.
Mteja? Nikaandika: Marehemu.
Anwani? Tarehe ya kulipa?
Bei nikaweka sifuri, pakawa pekundu:
bei haiwezi kuwa sifuri.
Nikajaribu kwenye mbao zilizoharibika.
Kidole kikagoma.
Zile ndizo zilizokuwa nzuri kuliko zote.

Basi nikarudi kule mwanzo, kwenye mipangilio,
unene wa msumeno.
Thumni nikaifanya thumni na nusu.
Ubao uliotoa vinane, kiooni sasa unatoa saba,
cha nane kinasukumwa ubao wa pili,
na kiwanda kinalipia, kinadhani ni vumbi.
Baba bado anakata vinane.
Mkono wake haujui nilichobonya.

Sijui kama hii ni dhuluma.
Sijamuuliza mtu anayejua, kwa kuchelea kujibiwa.
Faki nimemnunulia chai na mkate wa kumimina.
Hakuuliza kwa nini. Alikula,
akapangusa mikono kwenye suruali,
akanisaidia kuhisabu rundo.

Mwezi huu kioo na rundo vimeelewana,
ila kwa ubao mmoja uliozidi.
Upo, naushika, na kioo hakiujui.
Nimeutazama kwa jicho moja kutoka kichwani hadi mkiani,
kama anavyotazama baba.
Haukupinda.
Nimeusimamisha nyuma ya mlango.